Kpatch-build ikigoma: mwongozo kamili wa kurekebisha hitilafu za kujenga kiraka cha kerneli ya Linux

Kpatch-build, zana inayogeuza kiraka cha chanzo kuwa moduli ya kurekebisha kerneli bila kuzima kompyuta, hukwama katika hatua tatu tofauti, na dawa ya hatua moja haifai kwa nyingine. Kwanza ni kujenga zana yenyewe, yaani pale unapoandika `make` ndani ya saraka ya kpatch. Pili ni kukompaili kerneli, ile ya asili na kisha ile iliyotiwa kiraka. Tatu ni ulinganishaji: programu ndogo iitwayo `create-diff-object` huyapanga mafaili ya `.o` (kodi iliyokompailiwa) ya pande zote mbili, hutafuta kilichobadilika, na ikiona badiliko ambalo halina njia salama ya kuingizwa kwenye kerneli inayotembea, hukataa.

Hitilafu za hatua mbili za mwanzo ni ufundi wa kawaida: kifurushi hakipo, kompaila si yenyewe, diski imejaa. Za hatua ya tatu zinataka heshima. Nyingi kati yake ndizo zinazoizuia seva yako isianguke katikati ya kazi, kwa hiyo usizitafutie njia ya kuzipita kabla hujaelewa zinasema nini.

Ufupi wa jinsi mambo yanavyokwenda utasaidia kusoma ujumbe wa hitilafu. Kpatch ilitoka Red Hat mwaka 2014, mwaka uleule SUSE walipotoa kGraft, na msingi wa pamoja wa livepatch ukaingia kwenye kerneli 4.0 mwaka 2015. Kiraka ni moduli ya kawaida ya `.ko`. Ikipakiwa, ftrace (mfumo wa ndani ya kerneli wa kufuatilia miito ya fankisheni) hushika mwito wa fankisheni ya zamani pale mwanzoni kabisa na kuuelekeza kwenye fankisheni mpya. Ili kupata fankisheni mojamoja, kpatch-build hukompaili kwa `-ffunction-sections` na `-fdata-sections`, kila fankisheni na kila kigeu kikakaa kwenye sehemu yake ndani ya faili la ELF. Ulinganishaji wote hufanyika hapo, kwenye kodi iliyokwisha kukompailiwa. Ndiyo maana badiliko dogo la kompaila linaweza kuharibu kazi nzima hata kama hukugusa mstari hata mmoja wa C.

## Kabla ya kuanza

Hakikisha una nafasi ya GB 15 hivi kwenye saraka yako ya nyumbani, maana chanzo cha kerneli na matokeo yake hukaa `~/.kpatch`. Kisha tazama kama kerneli yako inakubali viraka hivi:

```
uname -r
grep -E '^CONFIG_(LIVEPATCH|FUNCTION_TRACER|KALLSYMS_ALL|DEBUG_INFO|DEBUG_INFO_SPLIT)=' /boot/config-$(uname -r)
```

`LIVEPATCH`, `FUNCTION_TRACER`, `KALLSYMS_ALL` na `DEBUG_INFO` ziwe `=y`. Ukiona `DEBUG_INFO_SPLIT=y`, zana itakataa moja kwa moja. Kama `LIVEPATCH` haipo kabisa, ishia hapo; hakuna chaguo la kpatch-build litakalokuokoa, unahitaji kerneli nyingine.

Kila inapokwama, kinachotokea kwenye skrini ni mkia tu wa habari. Habari yenyewe iko hapa:

```
less ~/.kpatch/build.log
```

Usianzie chini. Tafuta neno `error:` la kwanza kutoka juu, kwa sababu ukijenga kwa kazi nyingi sambamba, hitilafu moja huzaa nyingine nyingi zisizo na maana. Ukirudia kwa `kpatch-build -d`, mafaili ya muda hayafutwi, utayakuta `~/.kpatch/tmp`, pamoja na saraka za `orig` na `patched` zenye `.o` za pande zote mbili.

## Hatua ya kwanza: zana yenyewe haijengeki

Kosa linalojitokeza zaidi ni hili:

```
fatal error: gelf.h: No such file or directory
```

Faili hilo la kichwa linatoka kwenye libelf. Kwenye Fedora na RHEL weka `elfutils-libelf-devel`. Kwenye Debian na Ubuntu, `libelf-dev`. Badala ya kukimbizana na kifurushi kimojakimoja, ndani ya hazina ya kpatch kuna skripti inayojua distro yako na mahitaji yote, pamoja na yale ya kujenga kerneli. Itaomba ruhusa ya root:

```
source test/integration/lib.sh
kpatch_dependencies
```

Kosa la pili husumbua zaidi watu wenye distro mpya kabisa. `Makefile` iliyomo kwenye saraka ndogo ya `kpatch-build` hutumia `-Werror`, yaani onyo lolote la kompaila huhesabiwa kuwa kosa. Kompaila au maktaba ya C ikiongeza onyo jipya, kodi iliyokuwa ikijengeka jana inakataa leo. Mfano mzuri ni kiwango cha C23, ambacho GCC 15 hukifuata pasipo kuambiwa. Katika C23, `strchr`, `strstr` na ndugu zao hurudisha kielekezi cha `const` wakipewa maandishi ya `const`, na maktaba mpya za C zimeanza kulitekeleza hilo. Kwa hiyo mstari kama huu:

```
char *nukta = strchr(jina, '.');
```

huleta `discards 'const' qualifier` endapo `jina` ni `const char *`. Fuata mpangilio huu. Kwanza chukua toleo jipya la kpatch, kwa kuwa mara nyingi wenyewe wamekwisha kurekebisha. Kama bado, soma onyo. Ikiwa kodi haiandiki chochote kupitia kielekezi hicho, marekebisho sahihi ni neno moja:

```
const char *nukta = strchr(jina, '.');
```

Ikiwa inaandika, basi kodi ilikuwa na tatizo tangu mwanzo. Rekebisha pale `jina` linapotangazwa, usifiche kwa kubadilisha aina kwa nguvu. Kuondoa `-Werror` kwenye mstari wa `CFLAGS` ni njia ya mwisho, na inakubalika tu kwa maonyo ya aina hii ya `const`. Onyo likisema kigeu kinatumika kabla ya kupewa thamani, au ukubwa wa namba unakatwa, usilinyamazishe. Zana hii inaandika kodi itakayoingia kwenye kerneli yako.

Baada ya kugusa chanzo cha zana, pima kabla ya kuiamini:

```
make
git submodule update --init
make unit
```

Kwa wanaofuata kerneli mpya, kuanzia 6.19 chanzo cha kerneli kina zana yake chenyewe, `scripts/livepatch/klp-build`, inayotegemea objtool (zana ya kerneli ya kukagua mafaili ya `.o`) badala ya `create-diff-object`. Kosa lake la mwanzo ni jingine kabisa: objtool inahitaji maktaba ya xxhash toleo la 0.8 au zaidi ili ipige hesabu ya muhtasari wa kila fankisheni. Isipoiona wakati wa kujengwa, hujijenga bila sehemu ya livepatch kisha hulalamika baadaye kwamba `--checksum` haikubaliki. Weka `xxhash-devel` au, kwa Debian na Ubuntu, `libxxhash-dev`, halafu lazima usafishe, maana objtool ya zamani haitajengwa upya yenyewe:

```
make -C tools/objtool clean
```

## Hatua ya pili: kerneli haikompailiki

Sasa una zana. Anza na kiraka kisicho na madhara, ili ujue kama mazingira yako ni mazima kabla ya kuleta kiraka cha kweli. Badilisha maandishi ya `VmallocChunk` kuwa `VMALLOCCHUNK` katika `fs/proc/meminfo.c`, tengeneza faili la diff, kisha:

```
kpatch-build -t vmlinux meminfo-string.patch
```

Kikifaulu utaona `meminfo.o: changed function: meminfo_proc_show` na mwishoni `SUCCESS`. Kikishindwa, tatizo liko kwenye mazingira yako na si kwenye kiraka. Jaribio hili huokoa saa nyingi za kutafuta kosa mahali lisipokuwepo.

Ikisema haioni vmlinux (faili la kerneli lisilobanwa) au taarifa za debug, weka vifurushi vyake. Kwenye Fedora:

```
sudo dnf debuginfo-install kernel-$(uname -r)
```

Kwenye Ubuntu washa hazina ya ddebs.ubuntu.com kisha weka `linux-image-$(uname -r)-dbgsym`. Faili litakaa `/usr/lib/debug/boot/vmlinux-$(uname -r)`. Kwenye Debian ni `linux-image-$(uname -r)-dbg`. Faili la `/boot/vmlinuz` halifai, limebanwa na kuondolewa taarifa hizo. Ukimpa kpatch-build vmlinux iliyonyolewa hivyo utapata `can't find special struct alt_instr size`, kwa sababu zana husoma ukubwa wa miundo ya ndani ya kerneli kutoka kwenye DWARF, yaani taarifa hizo za debug, na haikuikuta.

Tuje kwenye kosa linalostahili muda wako kuliko yote ya hatua hii:

```
ERROR: gcc/kernel version mismatch
```

Linatokea pale GCC iliyopo kwenye mashine si ile iliyojenga kerneli. Ubuntu 22.04 ni mfano halisi: gcc yake ya kawaida ni 11, lakini kerneli za HWE (kerneli mpya zaidi zinazotolewa kwa toleo hilohilo la Ubuntu) za 6.5 na 6.8 zilijengwa kwa gcc-12. Hakikisha mwenyewe:

```
readelf -p .comment /usr/lib/debug/boot/vmlinux-$(uname -r)
gcc --version | head -1
```

Ujumbe wa hitilafu unakutajia chaguo la `--skip-compiler-check`, na hapo ndipo wengi huteleza. GCC mbili tofauti huamua tofauti ni fankisheni ipi imezwe ndani ya nyingine, ipi ikatwe vipande vya `.part` au `.cold`, ipi ipunguziwe hoja na kuitwa `.isra` au `.constprop`. Tuseme kwenye kerneli yako inayotembea fankisheni A imemezwa ndani ya B, lakini kompaila yako imeiacha peke yake. Kiraka kitabadilisha A, na B itaendelea kukimbia na nakala ya zamani yenye tundu la usalama. Moduli itapakiwa bila kelele, nawe utaamini umeziba. Kwa seva ya kazi, usitumie chaguo hilo.

Weka kompaila sahihi, kisha ipitishe mbele bila kuvuruga mfumo mzima:

```
sudo apt install gcc-12
mkdir -p ~/gcc12
ln -s /usr/bin/gcc-12 ~/gcc12/gcc
PATH=~/gcc12:$PATH kpatch-build -t vmlinux meminfo-string.patch
```

Angalia hadi namba ya mwisho ya toleo. 12.3 na 12.2 si kitu kimoja.

Yaliyobaki katika hatua hii ni mepesi. Ukitumia chanzo chako mwenyewe kwa `-s` na usanidi wa Ubuntu, ujenzi unaweza kusimama kwa kukosa `debian/canonical-certs.pem`. Ndani ya saraka ya chanzo:

```
scripts/config --set-str SYSTEM_TRUSTED_KEYS ""
scripts/config --set-str SYSTEM_REVOCATION_KEYS ""
```

Hapohapo hakikisha `make kernelrelease` inatoa jina lilelile la `uname -r`, herufi kwa herufi. Alama ya `+` iliyojibandika mwishoni kwa sababu ya hazina ya git yenye mabadiliko inatosha kuifanya moduli ikataliwe wakati wa kupakiwa. Kosa la BTF (taarifa za aina za data za kerneli) likikutaka uwe na pahole, kifurushi kinaitwa `dwarves`. `Killed signal terminated program cc1` maana yake kumbukumbu ya RAM imekwisha. Punguza kazi sambamba, mfano `-j 2`. Na kama umebadilisha kerneli, kompaila au usanidi tangu ujenzi uliopita, futa `~/.kpatch` uanze upya. Akiba iliyochanganyika hutoa makosa ya ajabu yasiyoelezeka. Ukiwa na ccache (zana ya kuhifadhi matokeo ya kukompaili), ipe nafasi kwa `ccache --max-size=5G`, ujenzi wa pili utakuwa mwepesi zaidi.

## Hatua ya tatu: ulinganishaji umekataa

`no changed objects found`. Kiraka chako hakikugusa kodi inayokompailiwa. Mara nyingi faili lililobadilishwa limezimwa kwenye usanidi, au limo ndani ya moduli ilhali wewe umetaja `-t vmlinux`. Ondoa `-t`, au taja njia ya moduli yenyewe, kwa mfano `-t fs/xfs/xfs.ko`.

`couldn't find matching ... local symbols in vmlinux symbol table`. Zana imeshindwa kuoanisha alama za ndani za faili lako na zile za kerneli inayotembea. Hili si kosa la kiraka. Rudi hatua ya pili: ama kompaila, ama usanidi, ama chanzo chenyewe hakifanani na kerneli yako. Wanaoruka ukaguzi wa kompaila ndio hukutana nalo sana.

`has no fentry/mcount call`. Fankisheni haina pale mahali pa mwanzoni ambapo ftrace hushika. Huenda imeandikwa `notrace`, au faili zima hukompailiwa bila ftrace, kama yalivyo mafaili ya moja kwa moja ya saraka ya `lib/`. Huwezi kuibadilisha, lakini unaweza kuwabadilisha wanaoiita: nakili fankisheni kwa jina jipya ndani ya faili la mwitaji, itie marekebisho, kisha waelekeze waitaji wote kwenye nakala hiyo. Tafuta waitaji kwa `git grep` na usimwache hata mmoja. Kodi ya vDSO (kipande cha kerneli kinachokimbia ndani ya programu za watumiaji) haibadilishiki kwa njia yoyote ya namna hii.

`unsupported section change(s)`. Juu yake kuna mstari unaotaja sehemu, mfano `changed section .data.kikomo not selected for inclusion`. Kiraka kimebadilisha thamani ya mwanzo ya kigeu ambacho tayari kiko hai kwenye kumbukumbu na huenda kimekwisha kubadilika mara nyingi tangu kompyuta iwashwe. Zana haiwezi kukuamulia ifanye nini. Rudisha thamani ya zamani kwenye kiraka, kisha weka mpya kwa fankisheni inayoitwa wakati wa kupakia:

```
#include "kpatch-macros.h"

static int weka_kikomo(patch_object *obj)
{
        kikomo = 64;
        return 0;
}
KPATCH_PRE_PATCH_CALLBACK(weka_kikomo);

static void rudisha_kikomo(patch_object *obj)
{
        kikomo = 32;
}
KPATCH_POST_UNPATCH_CALLBACK(rudisha_kikomo);
```

Usisahau ile ya pili. Bila hiyo, ukikiondoa kiraka utaiacha kodi ya zamani ikitembea na thamani isiyoijua.

Ujumbe kuhusu jump label au static call huja pale fankisheni iliyobadilika inapotumia mbinu ya kerneli ya kujiandika upya ikiwa hai. Kwa jump label, badilisha `static_branch_unlikely()` ndani ya fankisheni hiyo iwe `static_key_enabled()`. Kwa static call, tumia `KPATCH_STATIC_CALL()`. Unapoteza kasi kidogo, hupotezi usahihi.

Ukiona orodha ya fankisheni zilizobadilika ni ndefu kuliko ulivyotarajia, usifurahie tu kwamba imefaulu. Huenda umegusa faili la kichwa linalotumiwa na mamia ya mafaili, au umeongeza mistari juu ya faili na kuzisogeza namba za `__LINE__` za fankisheni zilizo chini. Hamisha nyongeza zako mwishoni mwa faili, au tangaza kitu kipya ndani ya faili la `.c` badala ya lile la `.h`. Kiraka kidogo hukagulika, kikubwa hakikaguliki.

Na kuna hatari ambayo kpatch-build haitakuambia kabisa. Ukiongeza uga kwenye muundo wa data, ujenzi utafaulu vizuri. Lakini vitu vilivyotengwa kabla ya kiraka vina ukubwa wa zamani, na kodi mpya itakaposoma uga huo itasoma kumbukumbu ya mwingine. Tumia `klp_shadow_alloc()` na `klp_shadow_get()` kuhifadhi taarifa ya ziada nje ya muundo. `klp_shadow_get()` ikirudisha `NULL`, ujue hicho ni kitu cha zamani, kishughulikie kama zamani. Badiliko ndani ya fankisheni ya `__init` ni jambo jingine: hilo kpatch-build yenyewe hulikataa, maana fankisheni hiyo haitakimbia tena. Ilikwisha kupita kompyuta ilipowashwa.

## Kupakia na kuthibitisha

Fanya haya kwanza kwenye mashine pepe yenye kerneli ileile.

```
sudo kpatch load livepatch-meminfo-string.ko
kpatch list
grep -i chunk /proc/meminfo
```

`Key was rejected by service` ni Secure Boot inadai saini. Saini moduli kwa `scripts/sign-file` ukitumia ufunguo uliousajili kwa `mokutil --import`, na usizime Secure Boot kwa ajili ya kiraka. Kerneli pia itajiwekea alama ya K, thamani 32768 ndani ya `/proc/sys/kernel/tainted`. Hilo ni la kawaida.

Kupakiwa si kukamilika. Kila mchakato huhamia kodi mpya kwa wakati wake, pale staki yake isipokuwa na fankisheni iliyobadilishwa.

```
cat /sys/kernel/livepatch/*/transition
```

Namba 0 ni tayari, 1 bado. Ikibaki 1 kwa muda mrefu, watafute waliokwama:

```
sudo grep -l '^0' /proc/[0-9]*/task/[0-9]*/patch_state
```

Kisha soma `/proc/PID/stack` ya kila mmoja kuona amelala wapi. Kama ni huduma inayoweza kuanzishwa upya, iwashe upya. Kama amelala ndani ya fankisheni uliyoibadilisha na hawezi kuamka, kiraka hakitakamilika: kama `kpatch load` haijakiondoa yenyewe, kiondoe kwa `kpatch unload`, na ukiandike upya kikiigusa fankisheni iliyo ndani zaidi, inayoingia na kutoka haraka. Kikisha kukamilika, `sudo kpatch install livepatch-meminfo-string.ko` hukifanya kipakiwe kila mashine inapowaka, ila kwa kerneli ileile tu kiliyojengewa. Ukipandisha toleo, kijenge upya.